Siku ya nane

Binti yangu alipata degedege saa nane usiku, siku ya nane toka achomwe sindano ya surua ya miezi tisa. Nilikuwa nimemlaza kifuani maana toka jioni alikuwa wa moto, mara nikahisi mwili umekakamaa, nikawasha tochi ya simu nakuta macho yamegeuka juu, povu mdomoni, mikono inajirusha yenyewe. Baba yake anasema ilikuwa dakika mbili. Mi ukiniuliza ntakwambia robo saa, ila siwezi kubishana nae kwasababu yeye ndo alikuwa anaangalia saa na mi nilikuwa napiga kelele.

Kelele zikamleta mama mwenye nyumba, kajifunga khanga juu juu, na neno lake la kwanza lilikuwa msimpeleke hospitali, watamchoma sindano, mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Kama umekulia Pwani hili umelisikia toka unanyonya. Kwa wazee wengi degedege sio ugonjwa wa hospitali kabisa, ni dege limepita juu ya nyumba usiku, na wa kulitibu ni bibi fulani mwenye dawa zake. Akamtuma kijana wake akaulizie mavi ya tembo ya kumfukizia mtoto, saa nane usiku, Mbagala, aisee hata sijui alitegemea huyo tembo apatikane wapi. Sisi tukapanda bajaji.

Hospitali wakapima joto, 39 na pointi zake, kipimo cha malaria cha haraka kikasema hamna, wakampa dawa ya kushusha homa, alfajiri mtoto amelala anakoroma kama mtu aliyetoka kupakua magunia. Daktari alikuwa dada mdogo tu, na ni yeye peke yake usiku ule aliyeniuliza mtoto kachanjwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia Jumanne ya wiki iliyopita. Akahesabu kwa vidole, akasema, dada, inawezekana kabisa homa hii imetoka kwenye chanjo.

Nilitaka kulia, alafu nikataka kumkumbatia.

Akanieleza taratibu. Zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile ya tano kwa moja inayozuia dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kile kimdudu cha Hib, homa yake inakuja usiku uleule au kesho yake, kwasababu kilichomo sio kidudu hai, ni vipande na vidudu vilivyokufa, mwili ukikutana navyo unawaka palepale. Ya surua ni tofauti. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinahitaji wiki hivi kuzaliana kidogo mwilini ndo kinga ishtuke, kwahiyo homa yake inakuja kati ya siku ya sita na ya kumi na mbili, mama ameshasahau habari za kliniki. Na mtoto wa umri huu homa ikipanda kwa kasi, iwe ya chanjo, ya malaria au ya masikio, wachache wanapata degedege. Akasema inatisha kuliko inavyodhuru. Akanifundisha ikitokea tena nimlaze ubavu, nisimtie kijiko mdomoni, nihesabu dakika, zikipita tano nikimbie.

Ingeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini wiki iliyofuata nilienda kituo alipochanjwa, sikitaji jina, nikamwambia nesi kilichotokea nikiamini ataandika kwenye kadi. Hakuandika. Alisema chanjo haina madhara yoyote mama, acha kusikiliza maneno ya mtaani, akaifunga kadi akaita mwingine.

Mashaka yangu yalianzia hapo, sio usiku wa degedege. Maana nilikuwa na watu wawili wenye makoti meupe, mmoja kaniambia inawezekana, mwingine kaniambia haiwezekani, na yule wa haiwezekani ndo anayeshika sindano. Sasa kama kwenye hili kanificha, kanificha mangapi? Mwenye hilo swali kichwani hakosi wa kumjibu. Mi nilijibiwa na grupu la wasap la kina mama, watu 200 na ushee, voisi za dakika saba saba, mara chanjo inaleta usonji, mara mtoto wa binamu yake fulani kapooza, mara wazungu wanatupunguza.

La usonji nalipita haraka maana limeshazikwa mara nyingi. Lilitoka kwa daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika makala mwaka 1998 kwenye jarida la madaktari kuhusu watoto 12, jarida lenyewe likaja kuifuta 2010, mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Wadenmaki wao waliangalia watoto zaidi ya 650,000 wakatoa majibu 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa hawana tofauti. La kutupunguza mi huwa nalijibu kwa sensa: 2012 tulikuwa kama milioni 45, 2022 tukawa milioni 61.7, na miaka yote hiyo watoto wanachanjwa, kwahiyo kama kuna mtu ana mradi wa kutupunguza basi mhasibu wake afukuzwe kazi. Ingawa, na hili nalisema kwa uzito, siwacheki wanaoogopa. Kano kule Nigeria mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribia dawa kwa watoto katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, wazazi wakalalamika hawakuelezwa vizuri, kesi zikaenda miaka, na chanjo ya polio ilipokuja kukataliwa mji huohuo 2003 watu wakashangaa eti kwanini hawa hawatuamini.

Mi kazi yangu ni kuandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Sio msomi wa mambo haya, ila nikipewa namba naweza kuzipanga. Yule daktari wa usiku alinipa namba yake ya simu (Mungu ampe watoto wenye adabu), nikamsumbua, nikasoma, nikafungua ukurasa wa nyuma wa leja nikachora mstari katikati.

Upande wa kushoto nikaweka watoto 10,000 wanaochomwa surua. Degedege inayosababishwa na chanjo inakadiriwa moja kwa kila dozi 3,000 au 4,000, kwahiyo kwenye elfu kumi ni kama watatu. Binti yangu ni mmoja wa hao watatu, na nikiri ukiwa ndani ya hao watatu hesabu inapoteza ladha. Wa aleji kali ya kubanwa pumzi ni kama mmoja kwenye dozi milioni, ndo maana wanakwambia ukae kidogo usikimbilie daladala. Vipele na homa za kawaida ni wengi zaidi, hizo zinapita. Alafu daktari akaniambia niandike na kitu kingine hapohapo: katika watoto 100 wa chini ya miaka mitano, wawili mpaka watano watapata degedege ya homa yoyote ile, chanjo iwepo isiwepo. Kwenye elfu kumi yangu ni mia mbili mpaka mia tano. Nikaangalia wale watatu wangu pembeni ya mia mbili nikanyamaza kidogo.

Upande wa kulia nikaweka watoto 10,000 wanaougua surua yenyewe. Nimonia kama mia tano. Ubongo kuvimba kama kumi, na baadhi yao hawarudi walivyokuwa. Kufa, kwenye nchi tajiri zenye kila mashine, kumi mpaka thelathini. Sehemu zenye njaa na kambi za wakimbizi imewahi kufika watoto watano mpaka kumi kwa kila mia, yaani kwenye leja yangu mia tano mpaka elfu moja, ikabidi niongeze safu nyingine. Na kuna kitu ambacho hakiingii kwenye safu yoyote, surua inafuta kumbukumbu ya kinga, mtoto aliyekuwa ameshapigana na magonjwa mengine anarudishwa darasa la kwanza, anakaa miezi na miezi anaugua vitu ambavyo mwili wake ulishavijua.

Nilienda Kisarawe kwa bibi na hiyo leja. Bibi hajui kusoma. Aliniangalia akasema, mjukuu wangu, mi namba zangu ni mjomba wako. Mjomba ana kiwingu cheupe kwenye jicho la kushoto, sisi watoto tulikuwa tunajua amezaliwa hivyo na tulikuwa tunamuogopa. Kumbe ni surua, alikuwa na miaka mitatu. Surua inakomba vitamini A mwilini, na mtoto ambaye nayo alikuwa hana ya kutosha jicho linakauka, kioo cha jicho kinaoza, na wazee walimuongezea dawa ya majani iliyokamuliwa machoni kabisa. Bibi akaniambia mwaka ule nyumba tatu za jirani zilizika, akazitaja nyumba moja moja kwa jina la mama mwenye nyumba, na nyumba ya pili ilikuwa ya dada yake. Miaka yangu thelathini na moja sikuwahi kusikia hiyo habari. Nikamuuliza kwanini hukusema, akasema hamkuuliza, mlikuwa mnapelekwa kliniki.

Kaka yangu ni mbishi wa kuzaliwa na ubishi wake huwa una akili, akaiangalia leja akasema hesabu yako ina kosa. Upande wa kushoto mtoto anachomwa kweli, ni mia kwa mia. Upande wa kulia umechukulia kila mtoto ataugua surua, hiyo surua iko wapi? Umeiona wewe? Mara ya mwisho kumuona mtoto wa surua Mbagala ni lini? Akachukua karanga zangu akaondoka kama mtu aliyefunga goli.

Na ana haki kwenye hoja, hatari ya ugonjwa ni ukali wake zidisha na uwezekano wa kuupata. Ilinikaa siku kadhaa. Jibu nililipata mbali sana, Samoa, visiwa huko bahari ya Pasifiki, watu laki mbili tu. Kila siku naikumbuka hii habari maana ndani yake kuna kila ninachokiogopa, pande zote mbili.

Julai 2018 kwenye hospitali moja ya kisiwa cha Savai'i watoto wawili wa mwaka mmoja walichomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela wakafa siku hiyohiyo, wakipishana muda mfupi tu. Hii sio voisi ya wasap, ilitokea. Chanjo ya namna hii inakuja kama unga kwenye kichupa, nesi anaichanganya na maji yake maalum, sasa wale manesi badala ya maji walichanganya na dawa ya usingizi ya kulegeza misuli, na yenyewe ilishapitwa na muda. Wawili walikiri kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka mitano kila mmoja. Ila kabla ya kujulikana hivyo serikali ilisimamisha chanjo nchi nzima miezi kadhaa, wazazi wakaogopa, na nani angewalaumu, ningekuwa mi ningefunga mlango kwa kufuli. Chanjo ziliporudi watu hawakurudi. Waliokuwa wamechanjwa wakashuka mpaka kama theluthi moja tu ya watoto wachanga.

Surua Samoa ilikuwa haipo. Iko wapi, umeiona wewe? Ilikuja na ndege, 2019. Mgonjwa mmoja wa surua akiwekwa katikati ya watu wasio na kinga anaambukiza kumi na mbili mpaka kumi na nane, na hewa aliyokohoa inakaa chumbani hata masaa mawili baada ya yeye kutoka. Mpaka imalizike wameugua zaidi ya 5,700 na wamekufa 83, wengi wao chini ya miaka mitano. Desemba serikali ilifunga ofisi siku mbili, watu wakaambiwa wakae ndani, nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu nje, wachanjaji wakawa wanapita barabarani wanafuata vitambaa. Nchi ya watu laki mbili. Wilaya yetu ya Temeke peke yake ina zaidi ya milioni, piga hesabu mwenyewe hiyo 83 inakuwa ngapi.

Nilimtumia kaka. Akajibu kwa emoji ya karanga.

Wawili kwa kosa la mikono, themanini na tatu kwa hofu ya hao wawili. Sasa mwingine akisikia hivi atasema basi ndo maana nesi hatakiwi kutaja madhara, watu wasije kuogopa. Mi naona kinyume kabisa. Mzazi aliyeambiwa madhara ni sifuri, likitokea moja dogo tu anaona ameibiwa, na anaondoka na imani yote. Ningeambiwa ile Jumanne kwamba mama, kuanzia siku ya sita mpaka ya kumi na mbili anaweza kupata homa, na mmoja katika elfu tatu hivi anapata degedege, fanya hivi na hivi, ile saa nane ya usiku ingekuwa mbaya hivyohivyo ila ningekuwa najua naangalia nini.

Na wakubwa wenyewe wanajua madhara yapo, wanayapima kila siku, sisi wa kwenye benchi ndo hatuambiwi. Marekani waliruhusu chanjo ya kwanza ya kuhara ya rota, RotaShield, mwaka 1998, wakagundua inafanya utumbo wa baadhi ya watoto ujikunje na kujiziba, kama mmoja kati ya elfu kumi hivi, mwaka uliofuata wakaitoa sokoni. Zilizokuja baadae zilifuatiliwa kwa hilohilo, na utafiti wa nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, haukuona tatizo limeongezeka. Ndui vilevile, kachanjo kake kalikuwa kanaua mtu mmoja mmoja katika milioni, na ugonjwa ulipoisha duniani baada ya mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, mgonjwa wa mwisho kuambukizwa mtaani, 1977, sindano ikaachwa maana sasa upande wa kulia wa leja ulikuwa mtupu. Maalin alikuwa anafanya kazi hospitali lakini alikwepa chanjo sababu aliona sindano inauma. Alipona, baadae akawa anazunguka kuwaambia watu wachanje polio.

Polio nayo haijanyooka. Matone yale yana kirusi hai kilichodhoofishwa, na mahali ambapo wengi hawajachanjwa kinaweza kuzunguka mtoto hadi mtoto mpaka kikapata ukali upya. Rukwa ilitokea, 2023, mtoto akapooza, ikabidi mikoa ya kule ichanjwe nyumba kwa nyumba. Ukisikiliza nusu ya hiyo sentensi unasema chanjo imepoozesha. Ukisikiliza yote unaona kirusi kilipata njia kwa watoto ambao hayo matone hayakuwafikia.

Basi mwezi huu binti yangu katimiza mwaka na nusu, dozi ya pili ya surua. Wengi wanadhani ya pili ni ya nyongeza, unaweza kuiruka. Kumbe ya miezi tisa inashika kwa watoto 85 hivi katika mia, sababu bado wengine wana kinga ya mama inayokizima kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi. Wangesubiri mpaka mwaka ingeshika vizuri zaidi, ila kwetu surua haisubiri mwaka, ndo wakachagua tisa alafu ya pili iokoe wale kumi na tano. Nikamuuliza daktari wangu, na degedege je? Akasema degedege ya homa haizuii dozi ya pili, kinachozuia ni aleji kali ya dozi iliyopita au kinga ya mwili iliyoporomoka kabisa, na homa safari hii huwa ni adimu zaidi maana wengi mwili unakijua kirusi. Mafua madogo pia sio sababu ya kurudishwa.

Nikaenda Jumatatu. Tulikuwa wanne tu wa surua, nesi akasema rudini Alhamisi. Zamani ningekasirika, nauli ya bodaboda, ruhusa ya kazini, mtoto kananing'inizwa kwenye mzani kama mbuzi wa mnada bure tu. Lakini kichupa cha surua ni cha watoto kumi, kikishachanganywa kina masaa sita, kinachobaki kinamwagwa, kwahiyo wanasubiri mjae. Naelewa, na bado naona sio haki, maana wa kutoka mbali akirudishwa mara mbili ya tatu haji. Masaa sita yenyewe sio urembo, Sudan Kusini 2017 watoto 15 walikufa kijijini baada ya kampeni ya surua ambayo sindano moja ilitumika siku nne na chanjo haikuwa kwenye baridi.

Alhamisi tukajaa. Nikamuomba nesi, mwingine, mtu mzima kidogo, aniandikie degedege kwenye kadi. Aliniuliza ilikuwa siku ya ngapi. Nikasema ya nane. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ni yenyewe, akaandika kwa biro nyekundu. Nikajikaza nikaomba kuona kichupa, nikidhani atanifokea, akanionesha kifuniko chake, kuna duara na ndani yake kimraba, kimraba kikiwa cheupe kuliko duara chanjo haijaungua na joto, kikifanana nalo wanatupa. Kilikuwa cheupe. Akanionesha na saa aliyoichanganya, kaiandika ubavuni, saa tatu na dakika kumi. Sindano mpya kwenye karatasi yake. Mtoto akalia, akapewa ziwa, akanyamaza, akamnyang'anya nesi kalamu.

Leo ni Jumatano, siku ya sita. Kipimajoto kiko mezani, nimempima mara nne toka asubuhi mpaka baba yake ananicheka, 36.8. Mama mwenye nyumba amepita jioni, hakuuliza kitu, kaacha kichupa cha mafuta meusi yanayonuka vibaya, eti ni ya kumpaka nyayoni ikitokea usiku. Nimemshukuru. Nimekiweka kabatini, kando ya panadol.